Webley Kuukuu Inapogoma: Dalili, Sababu na Mahali pa Kukomea

Maswali ninayopokea kuhusu bastola kuukuu za kijeshi hayapiti kumi, na yanajirudia kama matangazo ya redio. Mtu wa Njoro ananiuliza leo jambo lile lile aliloniuliza wa Kitale mwaka jana. Wa Kisumu huongeza habari za kutu tu. Nimeyaweka pamoja dalili kwa dalili, sababu iliyozoeleka ikitangulia na ile adimu ikifuata nyuma.

Bastola zenyewe karibu zote ni za Kiingereza. Kuna Webley za kaliba .455 (upana wa mtutu kwa sehemu za inchi), hasa Mark VI iliyoingia jeshini mwaka 1915, na kuna Enfield Namba 2 ya kaliba .38 iliyoidhinishwa mwaka 1932. Nyingi zilifika huku kiunoni mwa maofisa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa zamani uliwaleta wazungu wengi kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, na bastola ikaja ndani ya sanduku la nguo. Zote hufunguka kwa kukunjika katikati: unasukuma komeo la juu kwa kidole gumba, mtutu unainama, na nyota iliyo nyuma ya silinda inayanyanyua maganda yote sita kwa mpigo mmoja.

Ninavyoona mimi, umri haujaziua bastola hizi. Iliyoharibika iliharibiwa na risasi isiyo yake, au na mtu aliyekuwa na tupa mkononi na ujasiri kupita kiasi. Karibu kila dalili hapa chini itakurudisha kwa mmoja wa hao wawili.

Halafu sheria. Kumiliki bastola ya kufyatua, pamoja na risasi zake, kunahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, na cheti hutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Usinunue leo ukitumaini kutafuta karatasi kesho. Kutengeneza silaha nako ni kazi ya muuzaji aliyesajiliwa, kwa hiyo nikisema fundi namaanisha fundi wa silaha aliye chini ya duka la namna hiyo. Simaanishi fundi wako wa jua kali pale Kibuye, hata kama lango alilokutengenezea halijawahi kulia.

Kila uchunguzi nitakaoutaja unafanywa na bastola tupu, isipokuwa niseme vinginevyo. Ifungue, yatazame matundu yote sita ya silinda, utazame na mtutu, kisha risasi zihamie chumba kingine. Ukitoka kujibu simu, ukirudi unaanza upya.

## Bado hujalipa, lakini kuna kitu kinakusumbua

Sikiliza hiyo hisia. Kwenye Webley, nambari ya fremu, ya mtutu na ya silinda zinatakiwa zifanane. Zikitofautiana, bastola imeunganishwa kwa vipande vya mbili au tatu; si lazima iwe mbovu, ila bei ishuke na fundi aipime kabla hujatoa hela. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mishale miwili inayogusana ncha huonyesha iliuzwa nje ya jeshi kihalali. Nambari iliyokwanguliwa ni sababu ya kuondoka hapo hapo, bila hata kuaga vizuri.

Halafu tazama ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Ukiona kivuli cha pete kinachozunguka mahali pamoja, risasi ilikwama hapo siku moja na nyingine ikaigonga kwa nyuma. Mtutu huo ni wa kutundika ukutani.

## Unavuta triga, inasema "tik"

Usifungue! Bastola ibaki imeelekea shabaha, hesabu hadi thelathini polepole. Fataki, kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ikiwa ya zamani inaweza kuwaka kwa kuchelewa, na hutaki ichelewe ukiwa umeiinamia. Baada ya hapo fungua, toa risasi iliyogoma, uangalie alama ya pini (ncha ya nyundo) kwenye fataki. Alama hiyo ndiyo itakayokueleza.

Alama ya kina, katikati kabisa, maana yake bastola imefanya kazi yake na risasi ndiyo imekufa. Hii ndiyo sababu ya kwanza, tena kwa mbali. Watu wanatunza risasi za .455 zilizotengenezwa kabla mama zao hawajazaliwa, ndani ya kopo la kahawa, kisha wanashangaa. Jaribu risasi mpya za kiwandani za kaliba ile ile kabla hujailaumu bastola.

Alama hafifu inaelekeza kidole kwenye bastola. Mara nyingi ni grisi iliyoganda kama ulimbo ndani ya fremu, nyundo ikawa inasafiri kama mtu anayetembea matopeni. Nimeona bastola inayopiga vizuri saa nane mchana lakini ikagoma asubuhi ya baridi ya Molo. Ondoa vibao vya mpini (skrubu ni moja tu, na vibao vyeusi vya Mark VI huvunjika upesi, kwa hiyo polepole), dondoshea mafuta ya kusafishia silaha, acha yafanye kazi, pangusa, kisha paka mafuta mepesi kidogo. Ikiendelea vile vile, springi kuu imechoka au pini imelika. Koma hapo. Springi ya Webley ni bapa yenye umbo la V. Ukiibana kwa koleo la kawaida huvunjika, au humrukia aliyeibana.

Alama haipo kabisa? Angalia komeo. Webley iliundwa kwa akili: komeo la juu lisipofunga hadi mwisho, nyundo inaligonga komeo na haiifikii fataki. Uchafu kidogo tu chini yake unatosha.

Kuna sababu nyingine ya alama hafifu ambayo ni adimu lakini mbaya kuliko zote, nayo ni silinda iliyokwanguliwa nyuma. Hiyo ina sehemu yake hapa chini.

## Mlio umekuwa mdogo, kama "puf"

Acha kufyatua papo hapo. Usivute tena hata kama wenzako wanasubiri zamu. Yawezekana risasi imekwama ndani ya mtutu, na itakayofuata itakuta njia imezibwa.

Bastola ya kukunjika ina faida hapa: ukishaifungua na kuondoa kila risasi, unaweza kutazama mtutu kutoka nyuma ukiwa umeweka karatasi nyeupe upande wa mdomo. Ukiona karatasi, umeponea. Ukiona giza, funga siku yako, ipeleke kwa fundi. Usigonge kwa nondo wala kwa bisibisi ndefu. Sababu huwa baruti iliyoharibika, au risasi iliyojazwa upya na mtu aliyekuwa akiongea na simu.

## Maganda yanavimba, yanapasuka au yanang'ang'ania

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Mzee mmoja mstaafu kutoka Kisumu alikuja kwenye uwanja wa shabaha na Mark VI safi, imepakwa mafuta, pamoja na pakiti mpya ya .45 ACP, ile risasi ya bastola za Kimarekani. Alifyatua mara nne. Maganda yakakataa kutoka, na yalipotolewa kwa nguvu, mawili yalikuwa yamevimba mgongoni. Nikamwambia, "Mzee, hizi si zake." Akanitazama kwa huruma. "Kijana, zimeingia zenyewe, sikuzisukuma." Nikamjibu kwamba hata mguu wa mtoto huingia kwenye kiatu cha babake. Alicheka, lakini bastola akaiweka chini.

Kilichotokea ni hiki. Webley nyingi za ziada ziliuzwa Marekani, ambako risasi ya .455 ilikuwa shida kupatikana na .45 ACP imejaa kila duka. Wafanyabiashara wakawa wanaikwangua silinda kwa nyuma ili .45 ACP, zikiwa zimeshikwa tatu tatu na kibanio cha nusu mwezi, zipate nafasi ya kukaa. Zikauzwa hivyo, na bastola husafiri.

Sasa linganisha. Risasi ya .455 Mark II ya jeshi hurusha kichwa cha takriban gramu 17 kwa mwendo wa kama mita 190 kwa sekunde, na mgandamizo wake ni takriban pauni 13,000 kwa inchi ya mraba. Ya .45 ACP ya kiwandani hurusha gramu 15 kwa zaidi ya mita 250 kwa sekunde, na inaruhusiwa kufika pauni 21,000. Mgandamizo huo unakaribia au kupita ule ambao bastola ilijaribiwa nao makusudi kiwandani mara moja, ili kuthibitisha haipasuki. Wewe unaurudia kila unapovuta triga. Haitapasuka leo, na hilo ndilo linalowadanganya watu: inalegea bawaba, fremu inanyooka unywele kwa unywele, hadi siku ambayo kuta nyembamba za silinda zinasema basi.

Jinsi ya kutambua: silinda ya asili haitafunga ikiwa na .45 ACP kwenye kibanio cha nusu mwezi. Iliyokwanguliwa itafunga bila shida. Jaribio hilo lifanywe dukani na fundi, kwa maganda matupu, si mezani kwako na risasi nzima. Dalili ya kinyume ipo pia: ukitia .455 yake halisi kwenye silinda iliyokwanguliwa, inakaa mbali na pini na unapata ile "tik" yenye alama hafifu. Bastola ya namna hii fundi ndiye wa kuamua kama itapigwa tena, na kwa risasi ya nguvu gani. Rafiki yako wa shabaha hana kauli hapo, wala mimi sina.

Enfield ya .38 ina mtego wake. Risasi yake, .38/200, ina ganda sawa na .38 Smith & Wesson: fupi na nene kidogo. Ile ya .38 Special inayopatikana kirahisi ni ndefu na nyembamba zaidi, na haifai kuingia hadi mwisho. Ikiingia ikakaa, basi kuna mtu alitoboa matundu kwa ndani kuyaongeza urefu. Ganda jembamba ndani ya tundu pana hutanuka, hupasuka ubavuni, na gesi hutafuta njia ya kurudi nyuma. Usipige.

Sababu nyepesi zipo, na uzikague ukishahakikisha risasi ni yake. Ganda lisilovimba lakini linashikilia hutokana na tundu chafu au lenye vishimo vya kutu. Brashi ya shaba na mafuta hutatua uchafu, vishimo havitatuliwi. Na kama bastola imekataa kufunga baada ya kutoa maganda, mara nyingi ganda moja limeteleza chini ya nyota. Inyanyue nyota kwa mkono, livute ganda, yamekwisha. Siku nyingine fungua kwa haraka na kwa kukaza, huku nyuma ya silinda ikielekea chini, ili maganda yaanguke badala ya kubaki yakitafakari.

## Silinda inazunguka kwa uzito

Masizi mbele ya silinda, au chembe za baruti chini ya nyota. Mswaki wa zamani, kitambaa, mafuta kidogo. Vumbi la Nakuru miezi ya kiangazi likichanganyika na mafuta mengi hugeuka kuwa msasa, kwa hiyo mafuta yawe ya kupaka na kupangusa. Ikiwa uzito unakuja ikiwa na risasi tu, kagua fataki iliyochomoza. Ikiwa ni nzito mahali pamoja kila inapozunguka, mhimili umepinda, mwachie fundi.

## Mtutu unacheza kwenye bawaba

Funga bastola tupu, shika mpini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise. Mchezo mdogo wa kando ni wa kawaida kwa mzee wa umri huu. Mchezo wa juu na chini si wa kawaida. Anza na uchafu kwenye komeo, kisha springi ya komeo iliyochoka, ambayo fundi hubadilisha haraka. Sababu nzito ni pini ya bawaba iliyolika au fremu iliyonyooka, na hapo naomba urudi usome habari za .45 ACP.

Bastola iliyojifungua yenyewe wakati wa kufyatua haifyatuliwi mara ya pili ili kuthibitisha.

## Vichembe vya risasi vinamrukia aliye kando

Risasi inapotoka kwenye tundu haikuti mtutu umesimama sawasawa mbele yake, kwa hiyo unakwangua kipande cha madini ya risasi na kukitupa pembeni. Ikoki (vuta nyundo nyuma hadi ishike) polepole ikiwa tupu, tundu moja baada ya jingine, yote sita. Silinda lazima iwe imejifunga mahali pake kabla nyundo haijashika. Ikichelewa hata kwenye tundu moja, kidole kinachoisukuma silinda kimelika au meno ya nyota yameisha. Hakuna usafi wala mafuta ya kutibu hilo. Kinachonikera ni mtu anayeendelea kupiga "matano mazuri" na kuliruka la sita. Silinda haijui hesabu zako.

## Haipigi unapoielekeza

Kila mtu huniambia mtutu umeisha. Mara nyingi ni mkono. Mark VI ina kilo moja na zaidi, na triga yake, ukiivuta bila kuikoki kwanza, inataka nguvu ya kufunga mkanda wa gunia. Enfield ya Mark I*, toleo la 1938, haina hata ndoano ya kukokia. Imeumbwa kuvutwa hivyo hivyo. Egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga mita 10, ndipo ulaumu chuma.

Ikiwa matundu kwenye karatasi ni ya mviringo safi lakini yametawanyika, tatizo ni wewe au vilenga. Yakiwa marefu kama alama ya ufunguo, risasi inapinduka hewani kwa sababu mifereji ya mtutu haikuishika. Kwa Enfield, sababu kubwa ni kichwa chenye kipenyo cha .357 badala ya .361. Kwa Webley kuna jambo la ajabu kidogo: mdomo wa tundu la silinda mara nyingi ni mwembamba kuliko mtutu wenyewe. Risasi ya Mark II ya jeshi ilitengenezwa kwa madini laini ya risasi na kitako chenye shimo, ili gesi iukaze mwili wake utanuke na kuujaza mtutu. Kichwa kigumu kisicho na shimo hupita humo kikielea. Mtutu uliolika kweli ni sababu ya mwisho, si ya kwanza.

## Kutu inarudi kila wiki

Hili ni swali la Kisumu na Kakamega. Kama unapiga risasi za kijeshi za zamani, fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu kama ile ya jikoni wakati wa mvua. Mafuta hayaiyeyushi chumvi; maji ndiyo huiyeyusha. Mwaga maji ya moto kupitia mtutu na matundu siku ile ile, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Kama hupigi risasi za namna hiyo na kutu bado inarudi, iko wapi bastola usiku? Ikiwa ni ndani ya ala ya ngozi, umeipata sababu. Ngozi hunywa unyevu wa ziwa na kuulisha chuma. Ala itunzwe peke yake, na kwenye sefu weka vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara.

Msasa na waya wa kusugulia sufuria havigusi bastola hii. Vinaondoa rangi ya kiwandani, na vikifika kwenye nambari, umejitafutia kesi. Kitambaa chenye mafuta na subira. Kutu iliyochimba vishimo ndani ya tundu la silinda, ipeleke ikapimwe.

## Imepatikana kwenye sanduku la marehemu

Nimeiweka mwisho kwa sababu mwenye shida hii hana haja na hayo ya juu. Mnapanga vitu vya babu huko Lugari au Solai, mnafunua blanketi, na chini yake kuna bastola imefungwa kwa kitambaa.

Usiikoki. Usivute triga uone kama "inafanya." Usiwape wajomba waishike kwa zamu. Chukulia ina risasi sita hai, maana wazee wengi waliziweka hivyo, na usichungulie kutoka mbele eti kuhakikisha. Iache ilipo, mdomo ukielekea ukutani kama tayari ndivyo ulivyo, toa watoto, funga chumba, ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

Halafu usiitie kwenye begi ukapanda matatu kwenda kituoni kuisalimisha. Nia ni njema, ila ukikaguliwa njiani wewe ni mtu mwenye bastola bila cheti. Piga simu kituo cha polisi au mweleze chifu, askari waje waichukue, na msiachane kabla hamjapewa nambari ya OB (daftari la matukio la kituo). Familia ikitaka kuitunza, maombi yanafanywa bastola ikiwa mikononi mwa polisi au kwa muuzaji aliyesajiliwa. Wakati mnawasubiri, tafuteni cheti cha marehemu. Mara nyingi utakikuta kimekunjwa pamoja na hati ya shamba.